Chokaa ya Mistari

Ndugu yangu Egesa,

Barua zote tulizofundishwa shuleni huanza kwa kuuliza hali ya mwenzako. Yako siulizi. Naijua. Uko hatua mbili nje ya mstari wa pembeni, upande wa kulia, na kama ungekuwa hai ungebishana na mwamuzi mpaka jua lizame kwamba hapo ni ndani.

Nimekaa nje ya nyumba ya Mama, kwenye kile kiti cha Baba chenye mguu uliofungwa kwa waya. Ni Jumapili, watu wametoka kanisani. Nilijiambia nitakuandikia hasira ikipungua, ili niandike kama dada mwema. Miezi mitano imepita, haijapungua, basi naandika nayo hivyo hivyo. Kama ulitaka barua ya upole, ungepanda lori ukaja nyumbani siku homa ilipokushika.

Nianze na walichofanya, kwa sababu wewe hukuona. Walikujengea nyumba.

Desturi unaijua kuliko mimi. Mwanamume mzima hazikwi hivi hivi kama mtoto. Lazima awe na mlango wake bomani, na kaburi lake liwe upande wa kulia wa mlango huo. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na sita, na mlango huna, kwa sababu miaka saba ulikuwa ukilala kwenye vitanda vya watu na mabenchi ya stesheni. Uliporudi mara ile ukamwomba Baba mdogo kipande cha kujenga, alikujibu mbele ya Mama: "Oa kwanza. Mtu wa kurukaruka na mpira anataka nyumba ya nini?" Ulicheka. Mimi sikucheka. Basi Baba mdogo huyo huyo, mwenye sauti ya mwisho hapa tangu Baba afariki, alipata fito, nyasi, kamba na wanaume kumi na wawili ndani ya siku mbili. Na hakukuuliza habari za mke.

Wameijenga kwenye uwanja wetu, Egesa. Nusu nzima ya upande wa zizi. Mlango unatazama kwa Mama, ukuta wa nyuma umekaa karibu na wavu ulipokuwa, na nguzo ya pembeni imechimbiwa pale pale ulipokuwa ukisimama kuanzisha mpira.

Unakumbuka kilikuwa nini pale? Kichuguu kirefu kuliko Baba. Ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi na mmoja. Ulikuwa unaokota mipira kwenye klabu ya tenisi ya maofisa kule Busia, ukarudi siku moja na raketi iliyopasuka ubao na mipira mitatu iliyonyonyoka kama kuku mgonjwa. Ulizunguka kile kichuguu mara mbili, ukakipiga teke, ukasema, "Nabwire, wazungu wana nyasi, wahindi wana saruji. Sisi tuna mchwa."

Likizo mbili za Disemba zilikwisha hapo. Tulikibomoa kwa sururu, tukabeba udongo kwa karai, wewe mawili, mimi moja. Tulimwaga maji, tukapaka samadi ya ng'ombe, tukaviringisha pipa la lami ulilojaza mawe na kupitisha bomba katikati yake. Tulilivuta mpaka mabega yangu yakatoka malengelenge, na ulipoyaona ulisema tu, "Bado kona ile." Wavu ulikuwa nyavu kuukuu za samaki kutoka Sio Port, kila mvua ikinyesha uwanja wote ulinuka ngege. Baba alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama. "Hapa ningepata magunia ya mihogo," akasema. Akanywa chai. Akatazama mikono yangu. "Haya basi, chezeni."

Hiyo ndiyo ruhusa yote tuliyowahi kupewa na mtu mzima.

Na unakumbuka Baba alipofariki, Baba mdogo alivyokuja na jembe jipya ili alime hapo? Jembe lilidunda likamrudia karibu na pua. "Hawa watoto wamefanya nini na shamba?" Tulijificha nyuma ya jiko tukicheka, tukiwa na msiba, tukicheka mpaka Mama akatupiga kwa mwiko. Tulijua tumeshinda. Udongo wetu ulikuwa mgumu kuliko amri ya mtu. Hatukujua kwamba ugumu ule ule ndio utakaotuangusha. Nitafika huko.

Nataka kwanza kusema juu ya kazi yako, kwa sababu siku ya mazishi kila mtu aliisema na hakuna aliyeijua.

Ulipoondoka kuwa mchezaji wa kulipwa, watu wa hapa walifikiri kulipwa maana yake ni kulipwa. Hawakujua kwamba wachezaji wenye majina wana mashindano yao, na ninyi mlikuwa na yenu: wiki moja Lusaka, wiki mbili Cairo, Lagos, kisha vile vimji vya Uingereza ambavyo nilivitafuta kwenye ramani ya shule nisivione. Ili jina lako liandikwe tu kwenye orodha yenyewe ilibidi ushinde mechi tatu za mchujo, mbili zikiwa siku moja. Ukifika raundi ya kwanza miguu imeisha, na anayekungoja amelala hotelini, amekula mayai. Ukitolewa Jumatatu ulibaki mpaka Ijumaa, ukifunga nyuzi za raketi za wenzako ili ule. Nyuzi za utumbo wa mnyama, ambazo zikipata unyevu tu zinakatika, na kule mvua hainyeshi, inakaa. Uliniandikia: "Nabwire, huku nasifiwa sana. Wanasema hakuna anayefunga raketi kama mimi."

Nyasi zao zilikuonea. Uliandika: "Mpira wa huku hauruki, unapita chini kama panya. Mimi nimejifunzia kwenye kichuguu, naungoja kifuani, wenzangu wanauokota kwenye kifundo cha mguu." Nilicheka niliposoma, halafu nikaona haya, kwa sababu udongo ule nilikusaidia kuubeba. Uwanja wetu ulikufundisha mchezo wa mahali pamoja tu duniani. Na bado kwenye kila barua ulisema hujaona uwanja mzuri kuliko ule.

Hayo uliniandikia mimi. Ndani ya kila bahasha kulikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya nyumbani, nyingine ilikuwa ya Nabwire, na juu yake uliandika "Soma, uchome." Ya nyumbani ilisema umefika nusu fainali. Ya Nabwire ilisema sita kwa tatu, sita kwa mbili, raundi ya kwanza ya mchujo, na kiatu cha kushoto kimeachia. Ya nyumbani ilisema vikombe ni vizito, utavituma kwa meli. Na mimi, mwalimu, mtu wa Kidato cha Sita, nilisimama hapa nilipokaa sasa, nikasoma ya nyumbani kwa sauti, Mama na majirani wakinisikiliza, kwa sauti ile ile ninayosomea somo kanisani. Watu walipiga makofi. Baba mdogo aliuliza, "Hiyo meli itafika lini?" Nikasema, "Mombasa kuna foleni, Baba."

Nilikuwa mwongo wako aliyesomeshwa. Na sikuchoma hata karatasi moja. Zote ziko kwenye sanduku langu la bati kule Butula ninakofundisha, na mwezi wa kwanza baada yako nilizisoma zote kwa mpangilio. Nilitafuta mahali ambapo ulisema umechoka, unataka kuacha. Sikupaona. Ulishindwa zaidi ya ulivyoshinda, kwenye viwanja ambavyo hakuna mtu aliyekuwa akitazama ila mtu wa kufagia, na kesho yake unaamka, unafunga raketi, unauliza mashindano yanayofuata ni wapi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yako. Ningeisema kwa watu kwa fahari kama ungeniruhusu. Hukuniruhusu. Ulinipa vikombe vya uongo nivitangaze, na ukweli ulioniuma ukanipa nikauchome.

Halafu Jinja.

Jinja, Egesa! Masaa machache kutoka hapa. Tangu Wahindi wafukuzwe, viwanja vya kule vimeota magugu kwenye mistari. Wachezaji waliojipenda waliacha kuvuka mpaka. Ndiyo maana ulikwenda. Barua yako ya mwisho ninayo hapa mapajani. Ina karatasi moja tu, na hukuandika ichomwe. "Huku naweza kushinda, Nabwire. Walio hapa nawaweza wote. Nitaleta kikombe kimoja cha kweli, niwawekee mezani wanyamaze. Jumamosi niko nyumbani. Nunua chokaa, najua mistari imefutika. Nataka tucheze kwa mistari mipya."

Ilikuwa likizo ya Agosti. Nilikwenda Busia kwa baiskeli, nikanunua mfuko wa chokaa, nikarudi nao kwenye kerea ya nyuma, mweupe mgongo mzima. Nikauweka chini ya kitanda. Sikumwambia mtu ni wa nini, kwa sababu nilitaka Baba mdogo aamke Jumapili aone mistari tu.

Alhamisi akaja Njoroge, yule dereva wa lori uliyezoea kumpa barua zako azivushe Malaba. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Dada, kaa chini kwanza." Sikukaa. Akaniambia nimesimama. Homa ilikushika Jumatatu. Robo fainali ulicheza nayo. Nusu fainali ulicheza nayo, seti tatu, jua la saa nane. "Nilimwambia, boss, panda nikupeleke kwa mama yako, ni karibu. Akaniambia, Njoro, kesho ni fainali. Jioni nikarudi kumwangalia, hajui jina yangu." Hospitalini ulikaa usiku mmoja tu.

Umewahi kuhesabu wangapi wametibiwa malaria hapa nyumbani na Mama peke yake, kwa dawa ya zahanati na uji? Mimi mara ngapi? Ulikuwa unajua dalili zake kuliko unavyojua mistari ya mkono wako. Ulizijua, ukazifunga kamba za viatu juu yake. Kwa ajili ya kikombe cha bati. Ili uwongo uliouandika wewe na kuusoma mimi uwe kweli mara moja. Hapa kalamu imetoboa karatasi, na sitaki kusema ni kwa huzuni.

Sasa nisikilize, kwa sababu hiki sijamwambia mtu.

Ijumaa asubuhi Njoroge alivuka kwenda kukuchukua, nami nilikuwa najiandaa kwenda kukungoja Malaba. Nilikuwa nafunga kitambaa kichwani. Baba mdogo akaja, mpole kuliko nilivyowahi kumsikia. "Nabwire, mwanangu. Pale mnapochezea, maji hutuama?"

Na mimi nikamjibu. Nilijibu haraka, na kwa fahari, Mungu anisamehe, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. "Hayatuami hata kidogo, Baba. Tulipasawazisha kwa pipa. Hata mvua kubwa, nusu saa pamekauka."

"Vizuri," akasema.

Sikumuuliza kwa nini anauliza. Nilikuwa nimefurahi kwamba hatimaye mtu ameuliza.

Malaba nilikaa siku mbili, kwa mke wa Njoroge, kwa sababu ya karatasi. Malori yalikuwa yamepangwa mpaka nisione mwisho, maajenti wanakimbia na mafaili, kila mtu anamwita kila mtu boss. Jumamosi lori la Njoroge likavuka. Ulisema Jumamosi, ukafika Jumamosi. Mara moja maishani ulitimiza ratiba. Ofisa kijana wa forodha akasoma karatasi, akaisoma tena. "Dada, hapa imeandikwa mwili mmoja, raketi mbili. Mwili hauna ushuru. Hizi raketi ni za ng'ambo, zina ushuru." Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mimi, wa kusoma kwa sauti! Njoroge ndiye aliyeruka kutoka kwenye lori. "Boss, hii si mzigo. Hii ni mkono ya marehemu. Utalipisha mkono ushuru?" Maajenti wakasogea karibu. Mmoja akasema, "Wacha ipite, kijana, mama yako bado anaishi." Yule ofisa akagonga muhuri bila kututazama.

Tukashuka barabara ya Busia, tukapita mjini, tukafika nyumbani alasiri. Nilikuwa mbele na Njoroge. Lori lilipopinda kwenye ua nikaona kitu cheupe nyuma ya nyumba ya Mama, cheupe sana, na nafsi yangu ikaruka. Nakwambia ukweli: kwa muda wa pumzi moja nilidhani mtu amechora mistari.

Ilikuwa nyumba. Kuta mbichi, na juu ya ubichi wake wameipaka chokaa yangu. Walikuwa wameutafuta mchele chumbani kwangu, wakakuta mfuko. Shangazi Auma akanikumbatia akinililia sikioni: "Mtoto huyu alioteshwa! Alinunua chokaa kabla ya msiba!" Wakaanza kunitazama, wengine kwa heshima, wengine kwa woga, na mpaka leo wako wanawake kisimani wanaonipisha. Ningewaambia nini? Kwamba ilikuwa ya kuchezea?

Baba mdogo alinishika bega. "Ulisema kweli," akasema. "Mahali pazuri. Hatukusawazisha hata shubiri moja."

Sikumchukia yeye wakati ule. Nilijichukia mimi. Zamu yake ilikuja baadaye.

Siku ya kukuzika chifu alisimama akasema tumempoteza bingwa wa dunia. Akataja miji, nyingine akaikosea. Akasema vikombe vyako vitajengewa kabati kwenye ofisi yake vikifika. Watu wakalia kwa sauti, wakamlilia mtu ambaye hajawahi kuwepo, na huku wewe, wa kiatu kilichoachia, wa sita kwa mbili, ukashushwa kimya bila mtu wa kukulilia. Walinipa nafasi niseme kama dada. Nilisema, "Asanteni kwa kuja." Hayo tu. Hiyo hasira ninayo juu yangu, si juu yako, lakini iko humu humu kwenye barua, sijui kuitenganisha.

Nikarudi Butula. Nimefundisha muhula mzima. Wanafunzi wanasema nimekuwa mkali.

Nimekuja likizo hii nimekuta nyumba yako imesimama vile vile. Haikaliwi, haikandikwi upya, na hakuna anayeruhusiwa kuibomoa; itaachwa ianguke yenyewe, hata ikichukua miaka kumi. Hiyo ni desturi na sibishani nayo. Nusu yetu nyingine ilikuwa bado ipo, ngumu, majani machache tu yametoka kwenye nyufa. Raketi zako mbili Mama amezining'iniza ndani, moja imelegea nyuzi. Niliifunga upya. Ulinifundisha vizuri, ilichukua siku nzima na ngozi ya kidole kimoja.

Basi Jumanne iliyopita Baba mdogo akaja na plau na ng'ombe wanne wa kuazima. Alisema jembe lilishindwa zamani, lakini ng'ombe wanne hawatashindwa. "Nusu iliyobaki tuivunje kabla ya mvua, tupande mihogo. Uwanja wa mtu mmoja ni wa nini tena?"

Nilikuwa nikimenya viazi. Niliweka kisu chini, nikaingia ndani, nikatoka na raketi na mpira mmoja, nikapita mbele ya ng'ombe, nikasimama kwenye mstari wetu wa nyuma, pale palipokuwa pangu. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wako mweupe. Nikaupiga mpira.

Ukarudi. Egesa, ulirudi juu, kifuani, kama zamani. Kipande cha chokaa kikadondoka. Nikaupiga tena.

Baba mdogo alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Unapiga nyumba ya marehemu! Wewe msichana una wazimu? Unaibomoa nyumba ya bingwa!"

Na hapo ndipo ilipotoka, mbele ya watu wote, sikuweza kuishika. Nilisema, "Hakuwa bingwa! Alishindwa Cairo. Alishindwa Lagos na Lusaka, na Uingereza alishindwa kila mji. Hakuna meli. Hakuna vikombe. Alikuwa mchezaji, alishindwa leo, akacheza kesho, miaka saba, na mimi nilijua na nikawasomea uwongo!" Na huku napiga. "Wala sibomoi nyumba ya mtu. Nacheza na mwenyewe."

Ng'ombe mmoja akajamba, na kama ungekuwepo ungeharibu kila kitu kwa kucheka.

Kisha Mama akaja kutoka jikoni, polepole, anajifuta mikono kwenye leso. Nilidhani anakuja kunipiga. Nilitamani anipige. Alisimama karibu na wavu usiokuwepo, akasema, wala si kwa sauti kubwa:

"Mimi nilijua."

Nikauacha mpira upite.

"Bingwa gani," Mama akasema, "anamwandikia mama yake amtumie soksi?"

Alijua, Egesa. Miaka yote hiyo. Wakati mimi nasoma habari za meli na Baba mdogo anauliza habari za foleni, yeye alikuwa anasikiliza mstari mmoja tu kule mwisho, unaposema baridi ni kali na kama zipo soksi. Akazifuma, akazituma, akanyamaza, kwa sababu alidhani unafurahi kuitwa bingwa. Ulikufa kwa ajili ya uwongo ambao mama yako hakuuamini hata siku moja. Ungeingia hapa Jumatatu ile na homa yako, mikono mitupu, umetolewa mchujo, angekupikia uji. Angekupikia uji tu! Ningekuwa na nani wa kumkasirikia sasa? Ningekuwa na wewe.

Mama akamgeukia Baba mdogo. "Shemeji, rudisha ng'ombe wa watu. Huyu ndiye aliyekuwa akicheza naye. Mwache amalize."

"Amalize nini? Mpaka lini?"

"Mpaka ukuta uanguke wenyewe," Mama akasema. "Si ndivyo desturi ilivyo?"

Baba mdogo aliokota fimbo yake. Alizungusha ng'ombe. Tangu siku hiyo hajanisalimia, na mimi sijamsalimia, na tunalingana.

Kila alasiri sasa nacheza. Nimechora mstari mmoja kwa mkaa kwenye ukuta wako, futi tatu kutoka chini, ndio wavu. Natoka jasho, natukana, nakutukana wewe hasa, kwa jina. Chokaa inadondoka kipande kipande, chini yake udongo unaonekana, na jana nimeona fito ya kwanza. Watoto wa jirani wanakuja kukaa kwenye ua na kuhesabu kwa sauti. Sijawahi kucheza vizuri hivi. Wewe hujawahi kurudisha mipira yote hivi.

Kesho kutwa shule zinafunguliwa, narudi Butula. Nitakuwa nakuja Jumamosi. Hasira yangu naja nayo. Usidhani nimekusamehe Jinja, sijakusamehe, na sina haraka. Lakini zile karatasi ulizosema nizichome nitazileta, na nitamsomea Mama moja moja, kwa sauti ile ile, kila sita kwa mbili. Ana haki nazo.

Jana nilinunua mfuko mwingine wa chokaa. Uko chini ya kitanda, na safari hii nimewaambia wote ni wa nini.

Lala sasa, ndugu yangu. Nakuahidi jambo moja. Siku fito ya mwisho itakapoanguka nitaokota mabaki yote, nitavuta pipa peke yangu mpaka mabega yatoke malengelenge, na nitachora mistari upya, yote. Ule wa pembeni, upande wa kulia, nitausogeza hatua mbili. Utakuwa ndani.

Dada yako,
Nabwire